"Hiari ya Nani?"

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Kama Mungu ni mwema na anaweza yote, mbona mwanangu aliugua vile?" Nilikaa na ujumbe huo siku tatu. Zamani ningemjibu papo hapo.

Zamani hiyo nilikuwa nimetoka kusoma falsafa ya dini, na kichwa kilikuwa kimejaa. Nilikwenda kumpa pole rafiki yangu aliyefiwa na binti wa miaka sita kwa saratani ya damu. Nilimkuta ameshika kiatu kimoja cha mtoto, anafunga kamba, anaifungua, anaifunga tena. Nami nikaanza kumweleza hoja ya hiari, yaani uhuru wa mtu kuchagua. Mwanafalsafa J. L. Mackie alidai mwaka 1955 kwamba Mungu mwema mwenye uwezo wote hawezi kuwapo pamoja na uovu. Mwaka 1974 mwanafalsafa Mkristo, Alvin Plantinga, akamjibu: huenda hata Mungu hawezi kuumba watu walio huru kwelikweli na papo hapo akahakikisha hawatendi baya kamwe. Nilieleza vizuri, hilo nalisema mpaka leo. Rafiki yangu akaiachia kamba. "Hiari ya nani?"

Nikanyamaza. Saratani haina hiari. Hoja ile inamfikia muuaji na dhalimu, wodini inakwama. Plantinga alilijua hilo, akasema yawezekana maradhi na matetemeko ni kazi ya roho zilizo huru, kama shetani; lakini yeye alitetea uwezekano tu, hakusema ndivyo ilivyo. Ningemwambia hivyo mzazi mwenye kiatu mkononi?

Leibniz naye, mwanafalsafa Mjerumani, mwaka 1710, aliandika kwamba huu ndio ulimwengu bora kuliko yote iliyowezekana. Tarehe 1 Novemba 1755, siku ya Watakatifu Wote, tetemeko likaipiga Lisbon, mji mkuu wa Ureno, waumini wakiwa ibadani. Huo ndio ulimwengu bora? Mwanafalsafa wa dini John Hick, mwaka 1966, alifuata nyayo za Irenaeo, askofu wa karne ya pili: dunia ni mahali pa kukomaza roho. Hii ndiyo inayonigusa kuliko zote. Lakini mtoto wa miaka sita akomae lini? Hick aliliona pengo hilo, ndiyo maana akasisitiza kwamba safari ya kukomaa inaendelea baada ya kifo.

Ndugu zangu mnaopenda hoja kama mimi, kabla hujafungua mdomo, mtazame mtu: anataka maelezo, au anataka wewe ukae? Rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila neno. Walipoanza kumfafanulia Mungu ndipo walipoharibu, na mwisho Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu aliyelalamika. Someni kitabu hicho chote, msiishie sura mbili za mwanzo.

Rafiki yangu hajawahi kunikaribisha kwake tena. Inaniuma.

Msomaji nilimwandikia kwamba sijui, nikamwomba anisimulie habari za mwanawe. Amesimulia mengi. Juzi mwenyewe akauliza, "Wanafalsafa wanasemaje?" Tumeanza na Hick.