Collis Huntington: anza kumsoma akiwa dukani

Mimi ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, na maisha yaliyonisaidia kuliko mengine yote katika kazi hii ni ya Collis P. Huntington, Mmarekani aliyezaliwa Connecticut mwaka 1821 na kufariki mwaka 1900 akiwa miongoni mwa wamiliki wakubwa wa reli nchini mwake. Wengi humsoma kuanzia kwenye reli. Kwa kijana anayeingia katika biashara, ushauri wangu ni kwamba aanzie dukani.

Huntington alikuwa mchuuzi wa kutembeza bidhaa kabla ya kufungua duka Oneonta, New York. Mwaka 1849, watu walipokimbilia dhahabu ya California, naye alifunga safari kupitia Panama, na wenzake walipokuwa wakingoja meli, yeye alinunua na kuuza hukohuko njiani hata akaondoka na mtaji mkubwa kuliko aliofika nao. Sacramento aliwauzia wachimbaji zana, baadaye kwa ubia na Mark Hopkins.

Mwaka 1861 wawili hao, pamoja na Leland Stanford na Charles Crocker, nao wenye maduka, waliungana na mhandisi Theodore Judah kuanzisha kampuni ya reli ya Central Pacific. Kazi ya Huntington, huko New York, ilikuwa kutafuta mikopo na kununua. Sheria ya mwaka 1862 ilitaka chuma cha Marekani, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimepandisha bei, na vyuma vya reli vilipelekwa California kwa meli kwa kuzunguka ncha ya Amerika ya Kusini, safari ya miezi kadhaa. Anayenunua katika hali hiyo hulazimika kuagiza leo kitakachohitajika msimu ujao. Hapo ndipo nilipojifunza kuhesabu siku za baharini na bandarini kuwa sehemu ya bei, na kuagiza mabati na misumari kabla ya mafundi kuanza kuulizia. Sijaona somo la biashara lenye manufaa zaidi.

Hata hivyo, usimsome kwa kumtukuza. Njia ilipokamilika Promontory, Utah, tarehe 10 Mei 1869, milima ya Sierra Nevada ilikuwa imechongwa na maelfu ya vibarua wa Kichina waliolipwa pungufu ya wazungu. Na barua zake kwa David Colton, mshirika wake katika biashara ya reli, zilizofichuliwa mahakamani mwaka 1883, zilionyesha alivyowashawishi wabunge kwa fedha. Mimi namfuata katika ununuzi, basi. Wapakuzi wangu hulipwa jioni ileile, hata kama mzigo haujauzwa.