Presha ya jicho baada ya upasuaji: leza ipi?

Swali: Shikamoo daktari. Mzee wangu alitolewa mtoto wa jicho miezi minne iliyopita. Sasa presha ya jicho lile ni 38, na matone ya timololi hayaishushi. Ameshauriwa leza. Je, ataona tena kama zamani? (Msomaji, Arua)

Jibu: Marahaba, na mpe mzee pole. Presha ikikaa juu huua neva ya jicho, na ikishakufa hairudi, kwa hiyo leza haitamrudishia alichokipoteza. Inalinda kilichobaki. Presha ya kawaida ni kati ya 10 na 21. Kwa 38, msikawie.

Ila muulizeni kwanza daktari wake: presha imepandishwa na nini? Tazameni chupa zilizopo nyumbani. Deksamethasoni na prednisoloni, matone ya kutuliza jicho baada ya upasuaji, huwapandishia watu wengine presha wakiyatumia kwa wiki kadhaa. Wapo wanaoendelea kuyanunua dukani kwa sababu wekundu unapungua. Pelekeni chupa zote kliniki, msimwachishe wenyewe.

Presha hupanda maji ya ndani ya jicho yanapokosa pa kutokea. Kama irisi (duara lenye rangi linalozunguka mboni) imegandamana na kuziba njia ya maji hayo kwenye mboni, leza ya YAG huitoboa tundu dogo. Njia ya kutokea maji ikiwa wazi, ipo leza ya kuizibua. Lakini ikiwa imeshaganda kwa makovu, kuizibua hakusaidii, na hapo nadhani ndipo daktari wenu anapolenga: leza ya daiodi, inayounguza sehemu ya tishu inayotengeneza maji ya jicho.

Mzee atachomwa sindano ya ganzi kando ya jicho. Daktari ataweka ncha ya kifaa juu ya weupe wa jicho, karibu na ukingo wa cheusi, na kupiga nukta moja moja, kila moja kama sekunde 2. Akisikia mlio mdogo wa “pop”, tishu imepata joto kupita kiasi, naye hupunguza nguvu. Hamalizi mzunguko wote, kwa sababu maji yakikauka mno jicho husinyaa. Hatari hiyo ni ya kweli, na uoni unaweza kupungua zaidi. Aelezwe kabla hajatia sahihi.

Jicho litauma na kuwa jekundu siku chache. Aendelee na dawa za presha mpaka daktari azipunguze, maana matokeo kamili huonekana baada ya wiki 4 hadi 6, na wengi hupigwa leza tena. Kabla ya kulipa nauli ya Kampala au Mbarara, pigeni simu mhakikishe mashine inafanya kazi. Akipata maumivu makali au uoni ukififia ghafla, aende kliniki ya macho siku hiyo hiyo.