Jibu: Sanamu ya bronzi ina ukoko mweupe, maji hayaruki tena

Salaam mkuu. Umesema sanamu ya bronzi katikati ya beseni la chemchemi ya mapambo imeota ukoko mweupe, na maji yaliyokuwa yakiruka juu sasa yanachuruzika tu. Ukauliza kama siki itamaliza kazi.

Siki weka kando. Ukoko huo ni chokaa ya maji; itaondoka, ndiyo, lakini siki inakula pia ile rangi ya kahawia na kijani iliyokomaa kwa miaka mingi.

Anza na pampu, si sanamu. Zima umeme, toa chujio, safisha majani na mwani. Kisha fungua nozeli, ile ncha inayorusha maji. Hiyo ikiwa ya plastiki waweza kuiloweka kwenye siki. Angalia na kina: maji yakipungua pampu huvuta hewa, utaisikia ikikoroma.

Ukoko uloanishe kwa maji ya mvua, ubandue taratibu kwa kijiti cha mwanzi. Brashi ya waya marufuku. Usilazimishe weupe wote utoke, utakwaruza. Sanamu ikikauka kabisa, paka nta nyembamba, ufute kwa kitambaa laini.

Chunguza mikunjo ya nguo na makwapa ya sanamu. Ukikuta madoa ya kijani mpauko yanayotoa unga, hiyo ni kutu ya kloridi, yaani chumvi ya klorini inayokula metali, si rangi ya uzee: usiisugue, mwite mhifadhi wa metali. Na kama kuna anayetia klorini kuua mwani, mwambie aache leo.

Chokaa hurudi kwa sababu maji hukauka, madini hubaki. Kuongezea maji tu hakusaidii. Mwaga beseni lote mara kwa mara, ujaze upya.