Siku mbili Kigoma: anza na Ujiji

Dada, umeuliza siku mbili Kigoma zinatosha kuona fukwe na majengo ya kale bila kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe. Zinatosha, ila usizimalizie mjini.

Siku ya kwanza panda daladala asubuhi uende Ujiji. Wengi hukimbilia jumba la makumbusho, pale mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari Livingstone mwaka 1871, wakapiga picha chini ya miembe na kuondoka. Wewe shuka kwa miguu hadi mwaloni, mitumbwi inapofikia kando ya Ziwa Tanganyika. Njiani tazama nyumba za zamani zenye milango ya mbao na baraza, wazee wamekaa wanapiga soga. Salimia kwanza, kamera baadaye. Huko chini utakuta mitumbwi ikiundwa kwa mkono, fundi akiziba nyufa za mbao kwa pamba.

Jioni rudi mjini, kwenye stesheni ya Wajerumani, mwisho wa Reli ya Kati iliyofika hapa 1914. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha. Ukibahatika utaiona na MV Liemba, meli iliyozamishwa 1916 ikaibuliwa 1924.

Siku ya pili iwe ya ufukwe wa Katonga. Bodaboda ni rahisi, patana bei kabla hujapanda. Maji ni maangavu, lakini epuka kuogea penye matete, kuna kichocho. Na kama hakuna mbalamwezi, baki ufukweni hadi giza liingie: taa za wavuvi wa dagaa huwaka ziwani kama mji mwingine. Mbalamwezi ikikomaa, wengi hawatoki.