Barakoa peke yake haifichi mtu

Sanduku la wiki hii limejaa maswali ya wanaotengeneza sava (kompyuta zinazoendesha mchezo wa wengi mtandaoni) za kuigiza maisha, zile ambazo mhusika wako ana kazi, nyumba na maadui. Wote wanataka mhusika aweze kujigeuza asijulikane. Nimechagua machache. Ya "sava yangu inakwama" nimeyaruka, yalishajibiwa.

Nauza barakoa kwenye duka la mchezo, lakini wanaozivaa wanatambulika papo hapo. Nibadilishe barakoa? (Msomaji, Umoja)

Barakoa haina kosa. Swali hili halishi kuja, na kila anayeliuliza ameficha uso akasahau jina. Kujigeuza ni suala la habari: nani anajua nini, na amejuaje. Kama sava yako inatuma jina halisi kwa kompyuta ya kila aliye karibu, kisha unaiomba programu isilionyeshe, hujaficha kitu. Kijana mwenye kifaa cha kuchungulia kumbukumbu ya kompyuta atalisoma. Jina lisitoke kwenye sava kabisa. Kitoke kitambulisho cha muda cha ile sura bandia, basi.

Kisha tembea mchezoni ukitafuta mianya inayovujisha jina: orodha ya waliomo, tangazo la "fulani amekuua", usajili wa gari. Nimewahi kumtazama jambazi kwenye sava moja ya hapa Nairobi, kofia hadi machoni, miwani meusi, akibishana bei na muuzaji bila wasiwasi. Akalipa kwa simu ya mchezo. Simu hiyo waliiiga M-Pesa kwa uaminifu mkubwa, kwa hiyo muuzaji akapokea ujumbe wenye majina yote mawili, kiasi na saa. Polisi walimdaka kabla hajalifikia gari lake.

Sasa usikimbilie kuuziba mwanya huo. Huo ni mzuri, ubakie. Anayetaka kujificha alipe taslimu. Mwanya mbaya ni ule ambao mchezaji hawezi kuukwepa hata akitumia akili yake yote.

Nimeweka asilimia 5 ya kumtambua aliyejigeuza kila anapotazamwa. Inatosha? (Msomaji, Kasarani)

Inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu. Akipita kwenye stendi ya matatu yenye watu 20, uwezekano wa angalau mmoja wao kumtambua ni kama asilimia 64. Huyo mmoja ataandika kwenye Discord, gumzo la wachezaji nje ya mchezo, na sava nzima itajua. Kibaya zaidi, kama kila kutazama ni kurusha dadu upya, mtu mmoja akibonyeza mara 14 tayari ameshavuka nusu. Hapo umetengeneza mchezo wa kubonyeza.

Rusha dadu mara moja tu kwa kila mtazamaji na kila sura bandia, kisha hifadhi jibu. Nafasi ya pili ije na ushahidi mpya: ameona kovu, amemsikia akitaja jina la mtu, amemwona akifungua mlango wa nyumba fulani kwa ufunguo. Wanaomfahamu sana wapewe nafasi kubwa zaidi. Mke hadanganywi na miwani. Na aliyejigeuza apate dalili kwamba anatiliwa shaka, ili aamue kukimbia au kukaza uso. Mimi ningeacha dadu kabisa nikahesabu ushahidi tu, ila najua mnavyozipenda dadu zenu.

Kujigeuza kudumu dakika ngapi? (Msomaji, Zimmerman)

Usipime kwa saa, pima kwa vitendo. Mtazame Spy, yule jasusi wa Team Fortress 2, mchezo wa kupigana risasi wa mwaka 2007. Si mchezo wa kuigiza maisha, lakini jambo hili umelielewa kuliko sava nyingi za kwenu. Spy akishambulia, sura bandia inaanguka. Akijigeuza mhusika mzito, anatembea polepole kama mzito. Akijigeuza Scout, mwenye mbio, mbio zenyewe hazipati, na adui makini anamshuku hapo hapo. Na kwa kuwa kwa kawaida risasi yako haimdhuru mwenzako, unayemshuku unamlipua moja uone kama anaumia. Kila mmoja ana njia ya kumkagua mwingine, na ukaguzi wenyewe unakula risasi na muda. Saa inayohesabu kurudi nyuma inamfundisha mwizi kujibanza chooni tu.

Naweza kuuza barakoa isiyotambulika kamwe, kwa pesa halisi? (Msomaji, Rongai)

Hapana. Kama huniamini, iuze, kisha uhesabu watakaokuwa wamebaki mwezi ujao.

Watu wanatambuana kwa sauti. Nirekodi sauti zao ili programu izibadilishe? (Msomaji, South B)

Ukitaka kuibadilisha sauti, ibadilishe ikiwa inapita, usiiweke. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inazihesabu data za kibayometria, zile za kumtambua mtu kwa mwili wake kama alama za vidole au sauti, kuwa data nyeti, na kama una watoto wa shule humo, data zao zinahitaji ridhaa ya mzazi. Utajitafutia kesi kwa ajili ya barakoa.

Kwa mchezo wenyewe, sauti iache. Anayejigeuza meneja wa benki kisha akamwaga Sheng ya Kayole amejianika mwenyewe. Ulilolisikia mchezoni ni lako, ulilolisikia Discord liache huko huko.

Mchezaji alivaa sare ya polisi akamtukana dada mmoja matusi ya aibu. Dada alipobonyeza kuripoti, ripoti ikaenda kwa jina bandia, hatukumpata. (Msomaji, Githurai)

Na bado mkafungua sava kwa umma! Sura bandia ni ya kuwadanganya wachezaji, si wasimamizi. Kila neno na kila hatua iandikwe kwenye rekodi za sava chini ya akaunti halisi, na kitufe cha kuripoti kiishike akaunti hiyo bila kumwonyesha aliyeripoti.

Kumzuia mtu, yaani kuzima maneno yake yasikufikie, pia kumfuate hata akijigeuza. Mtaniambia hilo linavujisha siri, kwamba dada akikutana na mgeni asiyesikika atajua ni yule yule. Ndiyo, atajua. Ajue.

Tena hiyo sare: ilifungua stoo ya silaha? Kama ilifungua, umeuza funguo pamoja na nguo. Sare idanganye macho ya watu, mlango uulize kitambulisho.

Mchezo wangu ni wa maandishi tu, hauna picha. Haya yananihusu? (Msomaji, Buruburu)

Yanakuhusu kuliko wote. Michezo ya aina yako ipo tangu MUD ya Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978, na kwako jina ndilo uso. Mwonyeshe mtazamaji maelezo, "mtu mrefu aliyejifunika skafu", halafu umruhusu ampe jina lake mwenyewe, tuseme "yule wa skafu". Jina hilo lihifadhiwe kwa ile sura bandia, si kwa mhusika. Kesho akikutana na mtu huyo huyo bila skafu, mchezo umwonyeshe mgeni. Majina hayo mawili usiyaunganishe mpaka skafu ivuliwe mbele yake.