Sindano nimeacha, mbona sioni siku zangu?

SWALI: Nina miaka 29 na mtoto mmoja. Nilichoma sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu kwa miaka miwili. Ya mwisho ilikuwa Januari. Sasa ni Septemba, siku zangu sijaziona na mimba sijapata. Jirani anasema damu imejaa kizazini, ninywe dawa ya kukisafisha. Ni kweli?
Mama wa mmoja, Morogoro

JIBU: Hakuna damu iliyojaa, dada. Hedhi ni ukuta laini wa ndani ya kizazi: hunenepa ukingojea mimba, isipotunga hubanduka. Sindano huzuia yai lisipevuke na kuuacha ukuta huo mwembamba, hivyo hakuna cha kubanduka. Karibu nusu ya wanaoitumia mwaka mzima huacha kuona siku zao.

Kadi ya kliniki huandika miezi mitatu, lakini dawa hutoka msulini polepole na huchelewa kwisha mwilini. Wanaoacha ili wazae, nusu yao hupata mimba ndani ya miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na walio wengi ndani ya 18. Wewe una miezi minane tu.

Hata hivyo pima mimba kwanza. Yai hupevuka kabla ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo unaweza kushika mimba bila kuona hata tone. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kipimo kikisema hapana, rudia baada ya wiki. Ndiyo maana dawa ya jirani inatutisha: huenda ikakuta mimba usiyoijua. Na damu inayoletwa na dawa si ushahidi kwamba yai limepevuka.

Januari ikifika bila hedhi, muone daktari wa wanawake. Usingoje hadi hapo ukitokwa na maziwa ilhali hunyonyeshi (hasa pamoja na maumivu ya kichwa au kuona ukungu), ukipatwa na joto la ghafla na jasho la usiku, au ukikonda bila sababu. Atakupima damu kuangalia homoni za prolaktini (ya kutengeneza maziwa), FSH (ya kukuza mayai) na TSH (ya kuamsha tezi ya shingoni), kisha ultrasaundi. Nenda na dawa zote unazotumia: metoklopramaidi ya kuzuia kutapika na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili hupandisha prolaktini, na hedhi ikakatika.

Kwa sasa anza asidi ya foliki (vitamini kwa anayetafuta mimba), mikrogramu 400 kila siku.