Usifute Kile Kipande cha MB 100

Laptopu nilimnunulia mpwa wangu Moi Avenue, zile za ex-UK. Alitaka Linux ikae kando ya Windows, nikajitolea. Nikipanga diski nikakuta kipande (partition) cha MB 100 kisicho na herufi kama C au D. Nikakiona takataka, nikakifuta.

Jioni akanipigia: "Mjomba, mashine inasema haina cha kuwasha, na kazi yangu ya chuo iko humo."

Tukampelekea fundi mmoja Luthuli Avenue. Akaitazama skrini tu, akasema diski imekufa, nyingine ni elfu nne. Diski ilikuwa nzima kabisa. Nilichoua mimi ni njia ya kuifikia Windows.

Ukibonyeza swichi, kinachoamka kwanza ni femwea, programu iliyo kwenye chipu ya ubao mama. Enzi za BIOS, femwea ya zamani, ilisoma sekta ya kwanza ya diski, baiti 512, ikaziweka kwenye memori na kuzikabidhi usukani. Kati ya hizo, msimbo ulibakiwa na baiti 446 hivi, kwa hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kuita programu kubwa zaidi. UEFI, femwea ya siku hizi, inajua kusoma FAT, mpangilio wa faili kwenye diski, kwa hiyo inatafuta faili za kuwasha kwa jina. Faili hizo hukaa wapi? Kwenye kipande nilichofuta.

Linux huja na GRUB, butiloda yake, yaani programu ndogo ya kuchagua na kuanzisha mfumo. Ukichagua Windows kwenye menyu ya GRUB, si GRUB inayoiwasha. Inaiomba femwea ipakie bootmgfw.efi, faili ya kuwashia Windows, kwenye memori, halafu iianzishe. Kama Secure Boot, ulinzi wa femwea unaokubali programu zenye sahihi inayoaminika tu, imewashwa, sahihi ya faili hukaguliwa papo hapo, na isipokubalika safari inaishia hapo. Sisi abiria wa Nairobi tunajua kuuzwa: makanga anakushusha njiani, anakuingiza kwenye gari jingine ambalo ameshalilipa. Butiloda ndiye makanga huyo. Tofauti ni kwamba huyu hana barabara yake mwenyewe. Hadi mfumo wenyewe, yaani kernel, kiini chake, ushike usukani na femwea iambiwe "huduma zako za kuwasha zimetosha", kila kitu hupitia kwa femwea.

Kurekebisha kulichukua muda mfupi kuliko foleni ya Thika Road. Niliwasha kwa fleshi ya kusakinishia Windows, nikafungua diskpart, programu ya amri ya kupanga diski, nikaunda kipande kipya kwa "create partition efi", nikakifomati FAT32 na kukipa herufi S. Kisha amri ya kunakili faili za kuwasha Windows kwenye S:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Kabla ya kubonyeza Enter, hakikisha C ndiyo yenye folda ya Windows, maana ukiwasha kwa fleshi herufi hubadilika. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kusimba diski, uwe na ufunguo wake mkononi.

Siku hizi nikiingia kwenye mipangilio ya femwea napiga kila ukurasa picha kwa simu. Mtu akigeuza UEFI kuwa Legacy, yaani kuwasha kwa mtindo wa BIOS, bila kujua, mashine nzima hujifanya maiti vilevile, na dawa ni kuirudisha tu.

Kuna laptopu nyingine husahau orodha yao ya kuwasha kila ukigusa mipangilio. Hizo, kama ni Linux, nakili butiloda yako iwe EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, na kama Secure Boot imewashwa, shim, programu ndogo yenye sahihi inayokubalika ambayo huipakia GRUB, ndiyo ichukue jina hilo, GRUB ikae kando yake. Femwea ikikosa kila kitu kwenye orodha, hapo ndipo huenda kubisha hodi.